SOMO: Kapu Moja kwa Msitu Mmoja

Jinsi wafadhili wanavyoweza kushirikiana ili jamii ifikie mazingira yake

Lengo la somo: Baada ya kusoma na kujadili somo hili, kikundi chenu kiweze kueleza kwa nini wafadhili wanaofanya kazi kila mmoja peke yake huwachosha wenyeji; kiweze kutoa mfano wa mahali waliposhirikiana; na kiweze kuwaita wafadhili wenu wakae pamoja nanyi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tunaitumia sana kuwaambia wanakijiji washirikiane. Ni mara chache tunawaambia wafadhili. Leo tuwaambie na wao.

1. Shida yenyewe ni nini?

Hapa Kenya kuna watu wengi wanaoishi karibu na msitu na bado msitu uko mbali nao. Mama anauona akiwa jikoni kwake, lakini akienda kuokota kuni anatembea akiangalia nyuma kama mwizi. Mzee anayejua dawa za miti hajui ni nani wa kumwomba ruhusa. Mtoto anamaliza shule ya msingi bila mwalimu kumwingiza msituni hata siku moja. Usiku ndovu wanatoka wanakula mahindi, asubuhi nyani wanamalizia. Sasa mtu kama huyo ukimwambia "tunza msitu," atakuuliza: ni wa nani?

Tunaposema jamii ifikie mazingira yake, tuna maana ya mambo matatu. Kwanza, watu waingie bila woga. Pili, wapate faida bila kuharibu. Tatu, wawe na sauti wakati mambo ya msitu yanapoamuliwa. Mradi ukileta moja na kuacha mawili, kazi bado ni nusu.

Kwa upande wa sheria, mlango umefunguliwa. Sheria ya Misitu ya 2005, na baadaye ile ya 2016 iliyochukua mahali pake, zinaruhusu wenyeji kuunda chama cha msitu, ambacho wengi wanakiita CFA. Chama hicho kinaweza kupewa haki ya kuokota kuni, kuweka mizinga ya nyuki, kuchuma dawa, kukata nyasi na kulisha mifugo, kupokea watalii, na kuleta wanafunzi kujifunza.

Lakini haki hizo haziji zenyewe. Chama lazima kisajiliwe. Mpango wa kusimamia msitu lazima uandikwe pamoja na Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Kisha mkataba utiwe sahihi. Kazi hiyo inataka mikutano mingi, ramani, kuhesabu miti, nauli, na mtu wa kuandika. Hapo ndipo pesa za mfadhili zinahitajika kabisa, na hapo ndipo mara nyingi hazionekani, maana mkataba haupigwi picha vizuri kama kitalu cha miche.

2. Wafadhili watatu, kijiji kimoja

Tuchukue mfano wa kijiji chochote kando ya msitu. Mfadhili wa kwanza analeta miche. Wa pili analeta mizinga ya nyuki. Wa tatu anachimba mabwawa ya samaki. Wote ni watu wazuri, na kila mmoja amekuja na fomu yake, kamati yake na kibao chake cha barabarani.

Baada ya miezi michache mambo yanakuwa hivi. Watu wanane ndio wale wale katika kamati zote tatu, kwa sababu ndio wanaojua kusoma na kuandika vizuri. Mafunzo mawili yanaangukia Jumanne moja. Mwekahazina anaandika ripoti tatu za mambo yale yale kwa njia tatu tofauti. Mabwawa yanataka kuchimbwa mahali palipopandwa miche. Mama anayebeba kuni hajaitwa na yeyote, maana siku za mikutano yeye yuko msituni.

Miaka mitatu ikiisha, wafadhili wote wanaondoka karibu wakati mmoja. Vibao vitatu vinabaki. Ukiuliza kama chama cha msitu kimepata mkataba na KFS, jibu ni hapana. Kila mfadhili alidhani mwenzake ndiye anayeshughulikia jambo hilo.

Pesa zilikuwako. Kilichokosekana ni mahali pamoja pa kukaa.

3. Mfano wa kwanza: Msitu wa Arabuko-Sokoke

Msitu huu uko kaunti ya Kilifi, karibu na Gede na Watamu. Una ukubwa wa kilomita mraba 420 hivi. Ndani yake kuna ndege na wanyama wanaopatikana mahali pachache sana duniani. Hata hivyo, katika miaka ya mwanzo ya 1990 majirani wengi wa msitu walitaka ukatwe ili wapate mashamba. Hatuwezi kuwalaumu. Msitu uliwaletea ndovu na nyani, na faida waliyoiona ilikuwa ndogo.

Jambo la kwanza lililofanyika lilikuwa mapatano. Mwaka 1991 Idara ya Misitu ya wakati huo na Shirika la Wanyamapori (KWS) zilikubaliana kuusimamia msitu pamoja. Baadaye zikaingia Makavazi ya Taifa na taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI. Kwa hivyo mgeni aliyekuja na msaada alikuta tayari kuna meza na viti.

Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo pale Gede, kwa pesa za Mfuko wa Mazingira Duniani kupitia UNDP, ukiwa chini ya Makavazi ya Taifa. Kazi yake ni hii: mkulima ananasa vipepeo wachache wa kuzalisha kutoka msituni, anawatunza, analisha viwavi kwa majani ya miti wanayoipenda, kisha anauza pupa, yaani mdudu akiwa bado ndani ya ganda lake. Pupa hao husafirishwa kwa ndege mpaka kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Kwa mara ya kwanza mkulima aliona kwamba mti uliosimama unaweza kumnunulia unga.

Umoja wa Ulaya nao ulitoa pesa kupitia shirika la ndege la BirdLife International. Kazi hiyo ilizaa mpango mkubwa wa kusimamia msitu wa mwaka 2002 hadi 2027, ambao unaonyesha ni sehemu gani ya kuachwa kabisa, na ni wapi wenyeji wanaweza kupata mahitaji ya nyumbani. Mwaka 2001 shirika la Kikristo la A Rocha Kenya lilianzisha msaada wa karo za sekondari kwa watoto wa jamii zilizo kando ya msitu na ghuba ya Mida. Sehemu ya pesa hizo hutoka kwa wageni wanaolipa ili kupita juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko ya Mida.

Tazama basi. Huyu ni wa vipepeo, yule ni wa mpango, mwingine ni wa karo. Hawakufanya kazi moja, na haikuwa lazima. Lakini kazi zao zilishikana kwa sababu zilisimama juu ya mapatano mamoja.

Tusiseme kwamba shida zimekwisha. Miti bado inakatwa kwa wizi. Faida ya vipepeo inamfikia anayefuga vipepeo, na jirani asiyefuga anabaki akitazama. Tena mwaka 2020, korona ilipofunga maonyesho ng'ambo na kusimamisha ndege, soko lilianguka. Hapo tunajifunza kwamba mtandao mzuri hauegemei mguu mmoja. Wafadhili wakikaa pamoja, wanaweza kuulizana mapema: soko hili likifa, familia hizi zitashika nini?

4. Mfano wa pili: Mikoko ya Gazi

Twende sasa kusini, kaunti ya Kwale. Katika vijiji vya Gazi na Makongeni kuna mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya kaboni mwaka 2013. Wenyeji wanatunza hektari 117 za mikoko. Mikoko inavuta na kuhifadhi hewa chafu, na watu na makampuni ya mbali hulipia kazi hiyo.

Hapa wenye mkono ni wengi: wataalamu wa taasisi ya utafiti wa bahari KMFRI, KFS, chuo kikuu cha Edinburgh Napier, na shirika dogo la hisani huko Scotland linaloshughulika na mauzo na kuleta pesa. Lakini zikishafika, pesa zinaingia katika kapu moja, na wenyeji wenyewe ndio wanaoamua katika mikutano yao zifanye nini. Wameamua mambo kama maji ya bomba na vitabu vya shule. Hapohapo Gazi kuna kikundi cha akina mama chenye njia yao ya mbao ndani ya mikoko, wanakopokea wageni na wanafunzi. Mwaka 2017 Mikoko Pamoja ilipewa Tuzo ya Ikweta ya UNDP.

Siri iko wapi? Mtu akifungua bomba pale kijijini, anajua maji yale yametoka kwenye mikoko. Hahitaji kuambiwa na mgeni kwamba mikoko ni yake.

5. Hatua sita kwa wafadhili

(a) Ulizeni kabla ya kutoa. Nani yuko hapa tayari? Anafanya nini, kwa watu gani, mpaka lini? Karatasi moja yenye majibu haya, ikibandikwa ofisini kwa chifu, inaweza kuokoa pesa nyingi.

(b) Shikeni mpango wa wenyeji. Kama chama cha msitu kina mpango wake, kila mfadhili achague sehemu yake humo. Kama hakina, basi mpango huo ndio uwe mradi wa kwanza.

(c) Punguzeni makaratasi. Kama hamwezi kuweka pesa katika kapu moja, angalau kubalianeni juu ya ripoti moja na ziara moja. Mwekahazina wa kijiji ana shamba la kulima.

(d) Lipieni vitu ambavyo hakuna anayetaka kuvilipia: nauli ya mkutano, chai, simu ya katibu, buti za vijana wanaolinda msitu, na mtu mmoja wa kuunganisha kazi zote. Mtandao hufa kwa kukosa nauli mapema kuliko unavyokufa kwa kukosa mawazo.

(e) Mpeni kiti yule anayetumia msitu. Mwokota kuni, mchungaji wa mbuzi, mrina asali na kijana asiye na shamba wawe kwenye meza na wawe na kura. Mkutano ufanywe saa ambayo mama wa kuni yuko nyumbani.

(f) Semeni mapema siku ya kuondoka. Mti hauna habari na kalenda ya mfadhili. Wafadhili wapange zamu, ili mmoja akitoka mwingine awe bado yupo, na wenyeji wajue mwaka gani watabeba mzigo wenyewe.

6. Na sisi wenyeji je?

Ukweli tuuseme. Mara nyingine ni sisi tunaowatenganisha wafadhili. Huyu tunamwonyesha kitalu, na yule tunamwonyesha kitalu kile kile, kila mmoja akidhani ni chake. Mbuzi mmoja hauzwi mara mbili. Siku wanunuzi wakikutana sokoni, heshima ya kijiji kizima inapotea, na wa kuumia ni yule mama wa kuni ambaye hata hakuona pesa hizo.

Kwa hivyo chama kiwe na daftari moja la hesabu lililo wazi kwa wote. Kisomewe watu hadharani, barazani au baada ya ibada. Mfadhili mpya akija, aonyeshwe majina ya waliomtangulia.

Kanisa pia lina nafasi yake. Lina ukumbi usio na kodi, lina vikundi vya akina mama na vijana katika kila kijiji, na kwa kawaida halihami mradi unapokwisha. Linaweza kuwaita wote mezani, pamoja na majirani wa dini nyingine. Lakini kiti cha mwenyekiti kibaki cha wenyeji wa msitu.

Maswali ya kujadili

1. Taja msitu, mto au ufuo ulio karibu nanyi. Ni nani anaingia bila woga, na ni nani anaingia kwa kujificha?

2. Ni mashirika mangapi yanayofanya kazi hapo sasa? Je, viongozi wake wamewahi kukaa pamoja?

3. Je, mna chama cha msitu? Kina mpango? Mkataba umetiwa sahihi? Kama bado, umekwama wapi?

4. Katika kamati zenu, nani hayupo na alipaswa kuwepo?

Kazi ya kufanya: Kabla ya mkutano ujao, watu wawili watembelee ofisi ya KFS iliyo karibu na waulize swali la 3. Wengine wawili waandike ile karatasi moja ya hatua ya (a). Leteni majibu yote, kisha andikeni barua moja, yenye tarehe moja na mahali pamoja, mkiwaita wafadhili wenu wote. Nakala ya barua apewe kila mmoja, na majina ya walioalikwa yaonekane hapo juu ili kila mfadhili ajue ni nani atakayekaa karibu naye.