SOMO LA ROBO HII: FURAHA KATIKATI YA DHIKI

Masomo: Warumi 5:1-5, 2 Wakorintho 1:3-8



Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya ndugu zetu kutoka Burundi walikwama Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika karibu kabisa na mpaka. Nyuma yao mlima mkali, mbele yao maji. Kipindupindu kikaingia. Meli ya MV Liemba iliwachukua mamia kwa mamia hadi Kigoma, na kutoka hapo mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Barabara hiyo hupita hapa Mwandiga.

Siku hizo nilimhimiza mama mmoja, aliyefiwa na mtoto njiani, afurahi katika dhiki. Nikamtajia na aya. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, ndipo akaniuliza kama ningeweza kumpatia maji. Aibu ile sijaisahau.

Paulo hasemi kwamba dhiki ni njema. Anaeleza safari inayoanzia kwenye dhiki na kufika kwenye tumaini, na katikati yake ipo saburi. Mimi nilitaka yule mama airuke saburi, tena akiwa na kiu. Katika 2 Wakorintho Paulo anataja kusudi: aliyefarijiwa na Mungu awe na cha kumpa mwenzake. Na si maneno ya mtu aliyeketi kivulini. Aya ya 8 inataja mateso yaliyompata Asia, hata akaona maisha yake yamefika mwisho.

Jambo hilo lilionekana Nyarugusu. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Warundi walipofika, wakazi wakaongezeka zaidi ya mara mbili katika mwaka mmoja. Sisemi hapakuwa na manung'uniko. Maji na kuni vikipungua, hata walokole hugombana. Lakini Mkongo aliyewahi kulala usiku wa kwanza chini ya turubai hahitaji semina ili ajue mgeni anataka nini kwanza.

Kamati zetu hupanga vizuri sabuni, ndoo na nauli, na wafadhili wametusaidia sana katika hayo. Tujadili basi swali hili: katika usharika wetu, ni nani aliyepita kwenye msiba mzito? Je, tumewahi kumwomba atangulie kwenda kwa waliofiwa, au jina lake liko kwenye orodha ya wanaosaidiwa tu?