Gigabiti Moja Nyumbani, na Mazungumzo Bado Yanakatika

Mtumiaji anayelipia kifurushi cha intaneti cha gigabiti moja kwa sekunde hutarajia kwamba shida za mtandao zimekwisha nyumbani kwake. Hupima kasi, akaona megabiti mia tisa na ushei, akaridhika. Jioni moja yumo katika usaili wa kazi kwa njia ya video, na wakati huohuo mwanawe anapakia picha za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ghafla sauti inakatika, uso wa msaili unaganda, na nafasi ya kujieleza inapotea. Kesho yake anampigia simu mtoa huduma, naye anamshauri anunue kifurushi kikubwa zaidi. Tunaandika somo hili ili fedha hiyo isitoke mfukoni kabla chanzo cha tatizo hakijajulikana.

Kuna mambo mawili ambayo matangazo huyachanganya. La kwanza ni kasi, yaani wingi wa data unaopita katika sekunde moja. La pili ni ucheleweshaji, yaani muda ambao ujumbe mdogo wa data huchukua kwenda na kurudi. Muda huu hupimwa kwa milisekunde. Aliyewahi kuvuka kwa kivuko cha Kigamboni anaijua tofauti hii bila kufundishwa. Kivuko kikubwa hubeba magari mengi kwa safari moja, lakini mwenye haraka aliyekuta malori yamepanga mstari mbele yake atangoja tu.

Foleni ya namna hiyo imo ndani ya ruta. Data ikifika kwa wingi kuliko njia inavyoweza kupitisha, ruta huihifadhi kwa muda ili ingoje zamu yake. Watengenezaji waliiongeza hifadhi hiyo kwa nia njema, data isipotee njiani. Matokeo yake ni kwamba sauti ya mazungumzo, ambayo ni data kidogo sana, hukwama nyuma ya faili kubwa.

Tufanye hesabu. Tuseme foleni ina megabaiti 1, ambayo ni megabiti 8. Kwenye njia ya megabiti 1,000 kwa sekunde, foleni hiyo humalizika kwa milisekunde 8, na hakuna atakayeihisi. Kwenye njia ya megabiti 20 kwa sekunde, foleni ileile huchukua milisekunde 400. Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, katika mwongozo wake wa G.114, linapendekeza ucheleweshaji wa sauti usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja ili watu wazungumze bila kukatizana. Ndiyo maana tunamsihi mtumiaji asome mkataba wake mpaka mwisho: vifurushi vingine huitwa vya gigabiti kwa sababu ya kasi ya kupakua peke yake, ilhali kasi ya kupakia ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Mara nyingi foleni hujaa upande huo wa kupakia.

Kupima si kazi ngumu. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, wala si kwa waifai. Fungua dirisha la kuandikia amri, andika ping 8.8.8.8, kisha soma milisekunde wakati nyumba imetulia. Andika namba hiyo. Sasa anza kupakia faili kubwa, na amri ile irudie tena na tena huku faili likiendelea kwenda. Namba ikipanda kutoka 10 hadi 20, huna tatizo la foleni, na tunakushauri usiguse chochote. Ikipanda hadi mamia, foleni imejaa. Rudia jaribio hilo kwa kupakua.

Dawa yake ipo. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha njia ya kuizuia foleni isikae imejaa, waliyoiita CoDel. Kutokana nayo zilizaliwa fq_codel na CAKE, ambazo huipa kila safari ya data zamu yake ili kubwa isiizibe ndogo. Katika ruta nyingine huduma hii huonekana chini ya jina SQM. Katika nyingine imefichwa ndani ya kipengele cha QoS, na nyingine hazina kabisa. Ukiipata, weka kikomo cha kupakia kuwa asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyoipima, kisha pima tena. Kikomo hicho huifanya foleni ihamie ndani ya ruta yako, unakoweza kuisimamia. Kikomo cha kupakua usikiweke mpaka jaribio likuoneshe kwamba kinahitajika.

Hapa ndipo penye gharama, na wauzaji wengi hawaisemi. Ruta nyingi za nyumbani hufikia gigabiti kwa msaada wa kifaa maalumu ndani yake kinachopitisha data bila kuichosha prosesa. Ukiwasha usimamizi wa foleni, mara nyingi kifaa hicho huwekwa kando na kazi yote huiangukia prosesa, ambayo huenda ikaishia megabiti mia chache. Je, hiyo ni hasara? Faili la gigabaiti 50 lililokuwa likipakuliwa kwa takriban dakika 7 kwa megabiti 940 litachukua takriban dakika 17 kwa megabiti 400. Netflix kwa upande wake hupendekeza megabiti 15 tu kwa picha ya 4K. Kwa maoni yetu, nyumba yenye mtu anayefanya kazi au kusoma kwa njia ya video itafaidika zaidi na megabiti 400 zilizotulia. Anayepakua mafaili makubwa usiku, wengine wakiwa wamelala, abaki na kasi yake yote.

Jaribio la waya likiwa safi na la waifai likiwa baya, tatizo ni kuta, umbali au msongamano wa mawimbi. Isogeze ruta, au tumia masafa ya gigahezi 5 ukiwa karibu nayo. Na umbali wa seva hauna mpangilio wa kuufupisha: mwanga ndani ya nyuzi za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 huongeza milisekunde 10 kwenda na kurudi.

Milisekunde zikiwa juu hata nyumba ikiwa imetulia na kompyuta iko kwenye waya, peleka malalamiko kwa mtoa huduma kwa maandishi. Taja tarehe, saa, namba ya kabla na ya wakati wa kupakia, pamoja na kasi iliyoandikwa kwenye mkataba. Omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Usiporidhika na jibu, tuletee karatasi hizo hizo.