Gito na wale tisa
Somo la familia: Luka 17:11-19



Wako wazee hapa Bujumbura wanaoikumbuka filamu ya "Gito l'ingrat", yaani Gito asiye na shukrani. Ni ya Léonce Ngabo, ilitoka mwaka 1992, na huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya Burundi. Mwaka uliofuata, Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye aliuawa na vita ikaanza. Kwa hiyo watoto wetu wakiiona, wanaona mji uliokuwa bado unacheka.

Gito amemaliza masomo Paris. Anamuaga mchumba wake Mfaransa, Christine, kwa ahadi nyingi, anarudi na diploma akitegemea kupewa uwaziri. Hakuna cheo kinachomngoja. Anarudiana na Flora, mpenzi wake wa zamani. Kisha Christine naye anashuka Bujumbura! Ungetazamia wanawake hao wagombane. Wao wanapatana, na wanamtia adabu pamoja.

Tunacheka, lakini tujiulize: ni nani aliyemfundisha Gito kwamba diploma ni kiti cha enzi? Mtoto wetu akipata safari ya Marekani au Kanada, tunamwimbia kama mwokozi, na mke anayebaki hapa tunamwambia avumilie tu. Halafu simu zikikatika tunashangaa.

Sasa tusome Luka. Wale wakoma kumi walikaa pamoja, Wayahudi na Msamaria mmoja, watu ambao kwa kawaida hawakushirikiana. Ugonjwa uliwaweka kambi moja. Sisi tunalijua jambo hilo: humu tumegawana maji na chumvi na watu ambao kule Kongo tusingeingia nyumbani kwao. Wale tisa tusiwahukumu haraka, maana Yesu mwenyewe aliwatuma kwa makuhani. Walikuwa njiani wakitii. Wala hatusomi kwamba walinyang'anywa uponyaji wao. Lakini walipopona, ile kambi ilivunjika, na aliyerudi kwa Yesu ni yule mgeni peke yake.

Jioni hii someni pamoja, baba, mama na watoto. Kisha kila mmoja ataje mtu aliyemsaidia tangu tuvuke Ruzizi, ambaye hajarudi kumwambia asante. Majirani zetu Warundi msiwasahau.