Ua Likinyauka, Tafuta Pete Kabla ya Kumwagilia

Hapa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, maji hununuliwa kwa mtungi, kwa hiyo si busara kumwagilia ua ambalo tatizo lake si kiu. Petunia au dalia iliyo kwenye mkebe wa rangi mlangoni inaweza kuwa na kirusi cha madoa na mnyauko wa nyanya. Jina lisikupumbaze. Kirusi hiki hushambulia zaidi ya aina 1,000 za mimea, na mwaka 2001 watafiti waliripoti mlipuko wake kwenye nyanya za hapa Kenya. Kama kando ya mkebe una gunia ulilopandia nyanya, basi yanakuhusu mara mbili.

Kwanza pangusa majani kwa kitambaa kibichi, maana vumbi la Industrial Area huficha mengi. Kisha tafuta pete: duara ndani ya duara, za manjano au kahawia, au mistari ya mawimbi. Majani machanga hujikunja, pengine upande mmoja tu wa mmea, ncha hufa, na petali za rangi moja hutoka na mabaka. Kroton isikutie hofu. Mabaka yake ni ya kuzaliwa. Unga mweupe unaofutika kwa kidole ni kuvu. Majani ya chini yakigeuka manjano yote kwa pamoja, huenda mmea una njaa tu, uongezee samadi.

Anayekisambaza ni thripi, mdudu mwembamba wa milimita moja hivi. Kung'uta ua juu ya karatasi nyeupe utamwona akitembea. Hukipata kirusi akiwa mchanga, anaponyonya mmea mgonjwa, kisha akikomaa hukihamisha kila anapokula. Kwa hiyo kupulizia dawa wakati pete zimeshajaa ni kumtajirisha mwenye duka la dawa: dawa huua mdudu, mmea hauponi.

Ng'oa mmea mzima, ufunge ndani ya mfuko, uutupe. Usiukatie jirani kipandikizi, hata akiusifu vipi, kwani kitaondoka na kirusi. Nawa mikono kwa sabuni pia. Batobato ya tumbaku, kirusi kingine kinachopata petunia, huhama kwa vidole na visu.

Anayeuza miche asitegemee macho pekee, kwa sababu virusi kadhaa hufanana kwa dalili. Apeleke KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, tawi bichi lenye majani yanayoanza kuugua. Lililokauka halifai kwa kipimo.