Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliniuliza muhula uliopita swali ambalo halikuweza kujibiwa kabla ya kengele kulia. Walisema hivi: mtu akikujia kila siku na huzuni zake mpaka wewe mwenyewe ukaishiwa nguvu, je, ni ukatili kumwekea mpaka? Swali ni zito, maana sisi wa Mara tumelelewa kwamba mlango haufungwi, na anayesema "nisikilize" husikilizwa. Basi wengi huona haya kusema "imetosha", nao huendelea kusikiliza huku kichwa kinawauma na madaftari hayajafunguliwa.

Jibu langu nalitoa katika methali ambayo kila mtoto anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliyeanza shule hapa hapa Musoma, Mwisenge, mwaka 1934, aliitumia methali hiyo katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, miezi michache baada ya kujiuzulu Uwaziri Mkuu. Yeye alikuwa akieleza mambo ya uchumi, kwamba katika jamaa za zamani hapakuwa na mtu wa kukaa bure akila jasho la wenzake. Lakini aliongeza neno ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: kwamba mara nyingi mgeni mwenyewe aliliomba jembe kabla hajapewa, kwa kuwa alijua yampasayo. Tazameni basi. Methali haisemi siku ya tatu mfukuze, wala haisemi mfiche chungu cha ugali. Jembe ni alama kwamba huyu sasa ni mtu wa nyumbani, na kazi ya nyumbani ni yake pia.

Nami naona huzuni ina ada ile ile. Mwenzako akifiwa, au akipata barua mbaya kutoka kwao, hizo ni siku zake mbili. Kaa naye, lia naye ikibidi, wala usihesabu saa. Tena siku mbili za msiba zaweza kuwa miezi miwili. Siyo huyo ninayemsema. Namsema yule ambaye habari yake ni ile ile tangu mwanzo wa muhula, na kila shauri unalompa analikataa kabla hujamaliza kulisema. Hajakuuliza hata mara moja, "Na wewe, waendeleaje?" Ukisema leo huna nafasi, ananuna na kukuita msaliti. Baada ya kuagana yeye huondoka mwepesi akipiga mluzi, wewe wabaki kama uliyebeba gunia la pamba ya Bunda mgongoni. Dalili moja haitoshi kumhukumu mtu. Zikikutana zote, wiki baada ya wiki, siku ya tatu imefika.

Nilipokuwa kijana huko Bunda, alikuwapo jirani aliyekuja kwetu kila jioni kumlalamikia shemeji yake juu ya kipande cha shamba. Mama yangu hakumkatiza hata siku moja. Alichofanya ni kumwekea mapajani ungo wa mtama, akimwambia, "Dada, tupembue huku tunazungumza." Mtama ukiisha, mazungumzo nayo yamekwisha, maana mama alisimama kwenda kuteka maji. Kisha jioni moja alimwuliza, "Na Baraza la Ardhi la Kijiji umekwenda?" Hakuwa amekwenda. Tangu hapo, kila alipoanza habari ya shemeji, mama aliuliza swali hilo moja kwa upole, hakuongeza jingine. Haukupita mwezi, jirani akaenda barazani. Sikumbuki shamba lilikatwaje, ila nakumbuka kwamba aliendelea kuja kwetu, tena kwa furaha, na siku nyingine alikuja na ungo wake mwenyewe.

Hapa shuleni jembe laweza kuwa maneno machache tu. Mathalan mwenzako anakuamsha kila usiku baada ya kengele ya kulala kukueleza jinsi baba yake asivyomjali. Mwambie mchana, siyo usiku wakati nyote mmechoka: "Ndugu yangu, nimekusikia. Usiku nahitaji kulala. Tuonane Jumamosi tukimaliza kufua, nawe uje umeandika barua kwa baba, tuisome pamoja." Hapo umempa saa, tena umempa kazi. Akija bila barua, sema Jumamosi ijayo. Usitoe sababu kumi. Kila sababu unayotoa yeye ataijibu, na usiku utakuwa umekwisha.

Kwa wazee mambo ni magumu zaidi, na vitabu vya kigeni havitusaidii sana hapa. Huwezi kumwambia baba mkubwa, "Nina mipaka yangu." Lakini waweza kuamkia, kuketi, kusikiliza kwa heshima, kisha kuomba ruhusa: "Baba, naomba niende, nina kazi ya mwalimu." Ruhusa inayoombwa kwa adabu ni nadra kunyimwa. Na kama neno lenyewe ni zito, mpitishie shangazi au bibi alifikishe. Ndiyo njia ya nyumba zetu, nami siioni kuwa ni woga.

Lipo jambo moja lisilongoja siku ya tatu. Mwenzako akisema amechoka kuishi, au anataka kujidhuru, usimpe jembe, wala usikubali kuificha kama siri. Usimwache peke yake. Mwite matroni, mlezi wa bweni au mwalimu wa ushauri saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane na hata kama amekuapisha. Mzigo huo si wa mwanafunzi, ni wa watu wazima na wa hospitali.

Zoezi kwa wanaotaka: andika jinsi ambavyo ungemjibu rafiki anayekuazima sikio kila siku wala hasikii lako, katika sentensi zisizozidi nne, bila kumtukana na bila kumdanganya. Usitaje jina lake. Karatasi zitiwe katika sanduku la gazeti, mlangoni mwa maktaba, kabla ya likizo.