JINA LAONYESHA JUMBA, HALIONYESHI MLANGO

Katika somo letu la Kiswahili na Kompyuta tujibu swali moja: je, rekodi ya DNS yaweza kumpeleka mgeni wa tovuti kwenye poti yoyote tuitakayo?

Kwanza tuelewe maneno yenyewe. DNS ni daftari la majina ya intaneti, lililobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Ukiandika jina la tovuti, rekodi iitwayo A hukupa anwani ya kompyuta. Poti nayo ni namba ya mlango katika kompyuta hiyo. Namba hizo hufika hadi 65535.

Kivinjari hakiulizi mlango. Anwani ikianza na http, hubisha 80. Ikianza na https, hubisha 443.

Sasa tuseme chama fulani kimeweka matokeo ya mashindano ya insha kwenye poti 8080. Rekodi ya A inamfikisha mgeni kwenye jumba, basi. Anabisha 80, hapati jibu, anasema, "Aa, hii tovuti imekufa!" Kumbe i hai, ila mlango siwo. Wala huwezi kuongeza 8080 kwenye rekodi ya A, kwani nafasi yake ni ya anwani tu.

Tufanyeje basi?

1. Mgeni aandike poti mwenyewe: http://www.example.com:8080. Ni rahisi, lakini wengi husahau, na mitandao mingine ya ofisi na shule hufunga poti zisizo za kawaida.

2. Rekodi ya SRV hutaja poti. Mchezo wa Minecraft huitumia, lakini vivinjari haviisomi. Rekodi mpya ya HTTPS, iliyosanifishwa mwaka 2023, pia yaweza kutaja poti, ila si vivinjari vyote vinavyoifuata.

3. Weka bawabu. Programu kama nginx husimama mlango 80 na 443, hupokea wageni, kisha huwapitisha ndani hadi 8080. Mgeni hahitaji kujua lolote.

Njia ya tatu ndiyo bora. Daftari la majina tuliachie kazi yake, na kazi ya mlango tumpe bawabu.

ZOEZI
(a) Kwa nini rekodi ya A haitoshi hapa?
(b) Eleza tofauti kati ya anwani na poti kwa mfano wako mwenyewe.

Haya, kalamu mkononi!