Subiri kwenye ua: somo la wiki kutoka kwa nyuki



Kijana mwenzangu, wiki hii somo letu liko bustanini. Hapa Shanwe, Mpanda, Kwaresima hutukuta mvua bado zipo, maboga yanatambaa nyuma ya nyumba na alizeti zinachanua. Toa simu yako, ya kawaida tu inatosha, tuwapige picha nyuki na wadudu wengine wanaotembelea maua.

Neno la Mungu

Fungua Yoshua bin Sira 11:2-3. Mwenye hekima anatukataza kumsifu mtu kwa uzuri wake au kumdharau kwa sura yake. Halafu anatoa mfano wa nyuki: mdogo kati ya wenye mabawa, lakini utamu anaoutoa ni wa kwanza. Sisi wa Katavi asali tunaijua vizuri. Ila kazi kubwa zaidi ya nyuki haionekani kwenye ndoo ya asali. Iko kwenye ua.

Namna ya kupiga

Nenda asubuhi mapema, maana ua la boga hufunguka alfajiri na kufikia mchana limeshajifunga. Usimkimbize nyuki, hutamweza. Chagua ua moja, kaa kimya, usilitie kivuli chako, na umsubiri aje mwenyewe. Zima mwanga wa kamera. Badala ya kuvuta picha kwa zumu, sogeza simu polepole, gusa kioo pale alipo nyuki, kisha piga nyingi mfululizo. Kumi zitatoka na ukungu, moja itakuwa safi. Nyuki aliye kwenye ua yuko kazini, kwa kawaida hana shida na mtu. Mzinga ni habari nyingine, kaa nao mbali.

Ukiikuza picha, tazama miguu ya nyuma. Ile mizigo ya njano ni chavua. Hesabu na mabawa: nyuki ana manne, ila yupo nzi anayefanana naye sana mwenye mawili tu, naye hubeba chavua bila kuuma mtu. Kwenye maua ya pasheni utamkuta yule dudu mkubwa mweusi mwenye mvumo, anayetoboa boriti zetu. Wengi humuua. Kumbe bila yeye pasheni huzaa kwa shida.

Picha iliyobadilisha ratiba

Boga lina maua dume na maua jike. Jike utalitambua kwa kiboga kidogo chini yake. Chavua isipofika humo asubuhi ileile, kiboga kinageuka njano na kudondoka. Upepo hauwezi kuifikisha, chavua ya boga ni nzito na inanata. Anayeifikisha ni nyuki.

Mama yangu mdogo analima maboga, na ada za wadogo zangu zinategemea hapo. Alikuwa na desturi ya kupiga dawa ya wadudu saa mbili asubuhi, saa ileile maua yakiwa wazi. Nilimwonyesha picha: nyuki ndani ya ua jike, amejaa unga wa njano mwili mzima. Akaitazama kwa muda, akauliza, "Kwa hiyo huyu ndiye ninayempulizia?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Siku hizi anapiga jioni, maua yakiwa yamefungwa na nyuki wamerudi kwao, tena pale tu wadudu waharibifu wanapozidi. Hatari haijaisha, ila imepungua.

Kanisa linatuambia nini

Katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, aya ya 34, Papa Fransisko anatukumbusha kwamba wadudu wanaopotea kwa sumu za mashambani ni walewale wanaokisaidia kilimo. Na usiku wa Pasaka, shemasi anapoimba Mbiu ya Pasaka mbele ya mshumaa mkubwa, nyuki wanatajwa, kwa kuwa nta ni kazi yao. Katika usiku mtakatifu kuliko yote, Kanisa halikumsahau mdudu.

Basi na wewe usiwasahau wadogo: mama anayefagia kanisa, mtoto anayechota maji. Mtu husubiriwa kama nyuki anavyosubiriwa. Ukipita mbio humwoni.

Ya kufanya wiki hii

1. Kaa robo saa mbele ya ua moja. Piga picha tatu za wadudu tofauti.
2. Mwonyeshe picha mtu mmoja nyumbani anayepiga dawa, na uongee naye kwa heshima.
3. Jiulize: ni nani ananilisha, na sijawahi kumtazama?

Tusali

Ee Mungu Muumba, utupe macho ya kuwaona wadogo wanaotuhudumia, na mikono isiyowadhuru. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.